Kusi Ikija Twanuna, Isipokuja Twalia

Mpenzi msomaji, kama hujapata kuvuka mlango wa bahari wa Shimoni ukafika kwetu Mkwiro, basi nakuomba siku utakayofika usiudhike na makaribisho yetu. Utashuka botini, utawaamkia wazee walioketi kivulini pale ufukweni, nao watakuitikia marahaba kwa moyo mkunjufu. Watakuuliza habari za safari, habari za nyumbani na habari za kazi. Kisha, kabla hujapewa hata maji ya kunywa, mmoja wao atainua uso juu na kusema, "Lakini jua hili!" Kama umekuja Julai atasema, "Lakini upepo huu!" Na kama umekuja Mei atasema, "Lakini mvua hii!"

Usimdhanie mzee huyo kuwa ni mtu wa kununanuna bure. Wala usimjibu kama alivyojibu mgeni mmoja wa bara, kwamba hali ya hewa ya pwani ni nzuri na watu hulipa pesa nyingi kuifuata. Ni kweli hulipa. Lakini wao huja siku tatu, tena siku hizo huzichagua wenyewe. Sisi tumepewa mwaka mzima, na utamu wake na uchungu wake, nasi tuna haki ya kusema neno.

Leo nataka tuzungumze juu ya neno hilo. Kwa nini watu hulalamikia majira waliyoyazoea tangu kuzaliwa? Je, malalamiko hayo yana faida yoyote, au ni domo tu la kupitishia saa?

KILA MSIMU NA NENO LAKE

Kwanza nikujulishe mahali penyewe. Mkwiro ni kijiji kilichoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, katika kaunti ya Kwale, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Upande wa pili wa kisiwa kuna kijiji cha Wasini chenyewe. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe. Udongo ni kidogo, mto hakuna, na mvua ikinyesha maji hupenya kwenye nyufa za mawe yakaenda zake baharini. Kwa hiyo tangu enzi za mababu, maji matamu ya hapa yalikuwa ni yale yaliyokingwa kutoka juu yakahifadhiwa kwenye mabirika. Habari za bomba la kutoka bara ni za juzijuzi tu. Mahali kama hapa, mtu anayezungumza juu ya mawingu huwa anazungumza juu ya kisima chake na mfuko wake.

Kuanzia Desemba hadi Machi hutawala kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, ule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Bahari hutulia, wavuvi hufika mbali, maembe huiva, na wageni hujaa botini kwenda kuwatazama pomboo kwenye hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Ungedhani msimu huo tungeshukuru tukanyamaza. Wapi! Kaskazi ni joto. Mwezi Machi kipimajoto cha Mombasa hupanda hadi nyuzi 32 au 33 mchana, na usiku nafuu ni ndogo kwa kuwa hewa imelowa unyevu wa bahari. Watoto hutoka harara shingoni. Watu wazima huchukua mikeka wakalala barazani. Na maji birikani hushuka kila siku. Hapo ndipo utawasikia kina mama wakiulizana, "Yarabi, mvua lini?"

Mwishoni mwa Machi upepo huanza kubabaika. Wazee huziita siku hizo tanga mbili, kwa kuwa upepo hauna upande mmoja. Kisha huingia kusi, upepo wa kusini-mashariki, na pamoja nayo masika. Huku kwetu mvua hufikia kilele mwezi Mei, wala si Aprili kama Nairobi, na mara nyingi huendelea hadi Juni. Basi yale yale tuliyoyaomba huwa ndiyo tunayoyalalamikia. Nguo hazikauki, kuni zimelowa, njia ya kwenda Wasini ina utelezi, mbu wamekuwa jeshi. Tena bahari imechafuka, na mvuvi ameketi nyumbani akitengeneza dema ambalo hana pa kulitupa.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Hapa, msomaji, najua utanicheka. Alfajiri za Julai Mombasa huwa kwenye nyuzi 20 au 21, nasi tunajifunika leso mbilimbili, wazee wanavaa sweta na kofia za sufu, na kila nyumba ina mtu mwenye mafua. Ndugu yetu wa Nairobi, ambako asubuhi za mwezi huo hushuka hata nyuzi 11 au 12, hutuona tumedeka. Na binamu yangu anayefanya kazi Muscat, ambako joto la Juni hupita nyuzi 40, akipiga simu akanisikia nalalamikia baridi hucheka hadi akakohoa. Lakini baridi haipimwi kwa chombo peke yake. Hupimwa pia kwa nyumba ya makuti inayopenya upepo, na kwa mtu aliyetoka majini akiwa amelowa na upepo wa kusi unampiga kifuani.

Septemba na Oktoba kusi hupoa, bahari hufunguka, nasi husema sasa tumepona. Kisha vuli huingia, au hatuioni kabisa, hadi Desemba. Na hapo tumerudi kwenye joto letu.

NYUMBA MOJA, DUA NNE

Ukitaka kujua kwa nini malalamiko haya hayaishi, ingia nyumbani kwangu. Mume wangu ni mvuvi wa madema na mshipi. Mimi na wifi yangu tunalima mwani. Shemeji yangu hufanya kazi kwenye boti ya watalii. Na mama mkwe ndiye mlinzi wa birika. Hapana ndoo inayotoka pale bila yeye kujua.

Mume wangu anataka bahari shwari. Kusi ikikaza hawezi kutoka nje ya miamba, hubaki humu ndani ya mlango wa bahari akigombania tafi wadogo na wenzake wote ambao nao wameshindwa kutoka. Shemeji naye anataka jua na anga ya samawati, kwa sababu mtalii aliyetapika mara moja njiani huenda kuwahadithia wenzake wote hotelini. Kuanzia Aprili hadi Juni kazi yake hupungua, na mara nyingine huambiwa akae nyumbani hadi aitwe.

Sisi wa mwani mambo yetu ni mengine kabisa. Mwani hupenda maji ya baridi. Kaskazi ikichoma, na maji yakipwa mchana, mwani hubadilika rangi ukawa mweupe, ukalainika, ukakatika vipande kwenye kamba. Wenzetu wa Unguja, walioanza kilimo hiki kwa biashara mwaka 1989, wameona aina ile yenye bei nzuri ikiwafia kila mara katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto. Kwa hiyo mimi nafurahia kusi, hadi siku inapovuma kupita kiasi ikang'oa kamba na vigingi vyake. Na mwani ukishavunwa nautaka mara moja uanikwe kwenye jua kali, kwani mvua moja tu juu ya mwani uliokauka hushusha thamani yake. Yaani mwanamke mmoja anaomba baridi baharini na joto ufukweni, katika siku moja!

Mama mkwe hana habari na hayo yote. Yeye anataka mvua, tena nyingi, tena usiku, ili paa lijioshe kwanza kisha birika lijae.

Jioni moja ya Mei tulikuwa tumeketi tunakula. Mume wangu alisema kama kusi itatulia wiki ijayo atapata kitu. Nikasema isitulie sana, mwani wangu bado wiki mbili. Shemeji akasema mvua ikatike jamani, boti imelala. Mama mkwe akaweka tonge sahanini akatutazama mmoja mmoja.

"Wanangu," akasema, "nyinyi mngepewa ufunguo wa mvua kwa wiki moja tu, kisiwa kizima kingekufa."

Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ndiyo maana hakuna siku ambayo Mkwiro nzima itaamka imeridhika na mbingu. Siku anayoishukuru mmoja ndiyo siku anayoihesabu hasara jirani yake.

Hata hivyo, malalamiko yana adabu yake. Tumefundishwa katika dini yetu kwamba upepo hautukanwi. Hutamsikia mzee wa Mkwiro akiilaani kusi. Atasema ni kali, atasema imemchosha, atasema mwaka huu imekuja na hasira, kisha atamalizia, "Lakini alhamdulillahi." Na mtoto anayepayuka juu ya mvua hukemewa pale pale: "Nyamaza, maji unayokunywa wayapata wapi?"

LALAMIKO NI UJUMBE

Msomaji wangu, nimeishi na maneno haya miaka mingi hadi nikagundua jambo. Mtu wa kwetu akilalamikia hali ya hewa, mara nyingi huwa anazungumza kitu kingine ambacho haya haimruhusu kukisema wazi.

Baba mwenye watoto watano hawezi kuja mlangoni kwako akasema, "Nyumbani kwangu hatukupika jana." Ni vigumu, tena ni vigumu zaidi kwa mwanamume aliyezoea kuwagawia wengine samaki. Atapita, atasalimu, ataegemea nguzo ya baraza na kusema, "Kusi ya mwaka huu kali, siku ya sita leo." Basi. Mwenye masikio amesikia. Siku ya sita maana yake ni siku sita hajaingia baharini. Mwenye nyumba hatatoa hotuba. Ataitikia, "Kali kweli, ndugu yangu," na jioni mtoto atatumwa na kibakuli cha unga kilichofunikwa.

Vivyo hivyo kwa kina mama. Katika ukame ule mrefu wa miaka michache iliyopita, ambao Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la taifa, jirani yangu mmoja alikuwa akipita kwetu kila asubuhi na neno lile lile: "Vuli imetupita." Alilisema Jumatatu, akalisema Jumanne. Mimi niliitikia tu kama tunavyoitikiana. Mama mkwe ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, yule birika lake limekauka." Alijuaje? Alijua kwa sababu mtu mwenye maji hulalamikia jua mara moja, akaendelea na habari nyingine. Wakati huo tulikuwa tukinunua maji kwa madumu ya lita 20 yaliyovushwa kwa boti, na dumu moja ni dumu moja. Mama mkwe alimpa ndoo mbili, akamwambia, "Haya ni ya kufulia, yamenizidi." Hayakumzidi hata kidogo. Lakini jirani aliyachukua bila kuinamisha kichwa.

Ndiyo maana nakataa kabisa maneno ya wale wanaosema watu wa pwani ni wavivu wa kukaa barazani na kulalamikia jua. Baraza ile ni kama ofisi. Hapo ndipo panapojulikana nani hakwenda bahari, nani chombo chake kinavuja, nani birika lake limebaki shibiri mbili, na nani mwani wake umenyeshewa.

MALALAMIKO YAMEGEUKA

Lakini kuna jambo linalonitia wasiwasi, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Lalamiko lenyewe limebadilika.

Zamani tulilalamika kwa sababu msimu umefika. "Kusi hiyo!" "Masika hayo!" Ilikuwa kama kumlalamikia shangazi ambaye huja kila mwaka kukaa miezi mitatu na kuamrisha kila mtu. Unanuna, lakini chumba chake umeshakifagia. Siku hizi nasikia zaidi malalamiko ya namna nyingine: "Kusi iko wapi?" "Hii ni mvua gani ya Februari?" Shangazi hakuja siku yake, ama amekuja usiku wa manane, ama amekuja na watu usiowajua.

Wazee wetu walikuwa na hesabu. Waswahili wa pwani nzima walihesabu mwaka wa jua wa siku 365 kuanzia Siku ya Mwaka, wanayoiita pia Nairuzi, wakazigawa siku hizo kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Kwa miongo hiyo walijua lini kupanda, lini kusafiri na lini kuvuta vyombo juu. Huko Makunduchi, Unguja, siku hiyo bado husherehekewa kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Hesabu ile haikuwa na mwaka mrefu wa siku 366, kwa hiyo ilisogea siku moja kila miaka minne, yaani kama siku 25 kwa miaka mia. Wazee hawakuifuata kama vipofu. Waliisoma pamoja na dalili nyingine: nyota, ndege, maua ya miti, rangi ya maji, na umande utokao bara alfajiri.

Sasa dalili zenyewe zinagombana. Vuli ndiyo kigeugeu zaidi, na wataalamu wanatueleza sababu. Bahari ya Hindi ni kama mizani. Maji ya upande wetu wa Afrika yakipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, mawingu hujaa kwetu na vuli hufurika, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023. Mizani ikiinamia upande wa pili, kama mwaka 2022, vuli hutunyima. Mchezo huo ni wa tangu zamani. Kilichoongezeka ni joto la bahari yenyewe, ambalo linapanda mwaka baada ya mwaka na kuzidisha mambo kila mizani inapoinama. Mwanzoni mwa mwaka 1998 joto liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na mvuvi anajua kwamba matumbawe yakifa, samaki huhama nyumba.

Basi fikiria, msomaji. Mwaka 2022 tunalilia tone. Mwishoni mwa 2023 mvua inakuja kwa kishindo cha El Nino na mashamba ya bara yanazama. Halafu Mei 2024 tunaambiwa kuna kimbunga kinakuja, kimepewa na jina, Hidaya!

AMI NA SIMU

Hapa inanipasa nikueleze habari za ami yangu. Ni mzee wa bahari, amevua tangu utotoni. Kwake yeye, mtu anayetazama simu ili ajue upepo ni sawa na mtu anayeuliza jirani kama yeye mwenyewe ana njaa. Mwanangu wa kiume naye ni kijana wa siku hizi. Idara ya hali ya hewa ikitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa, yeye hulipata kwenye simu kabla halijasomwa redioni.

Siku moja ya Julai walishikana kwa maneno. Onyo lilikuwa la pwani nzima, siku tano, mawimbi ya zaidi ya mita mbili.

"Babu, leo hakuendeki," mwanangu alisema.

"Nani kasema?"

"Wamesema wataalamu."

"Hao wataalamu wako wapi?"

"Nairobi."

Ami alicheka. "Mwanangu, Nairobi kuna bahari?"

Kijana alikasirika, kwa kuwa aliona anadharauliwa. Ami naye alikasirika, kwa kuwa aliona mtoto anamfundisha kazi aliyoifanya kabla baba yake hajazaliwa. Siku mbili hawakusemezana vizuri, na nyumba ikawa nzito. Ilikuwa pia wiki ya karo, kwa hiyo suala la kwenda au kutokwenda baharini halikuwa mchezo.

Mimi niliwasikiliza wote wawili, nikaona kila mmoja alikuwa akizungumzia bahari yake. Lile onyo lilihusu bahari kuu, nje ya miamba, kuanzia mpaka hadi mpaka. Ami alikuwa akizungumzia maji ya ndani, yaliyokingwa na kisiwa, saa za alfajiri wakati umande wa bara bado unaizuia kusi, na kurudi kabla ya jua kupanda. Wote walikuwa wanasema kweli. Ami alitoka saa kumi za usiku, akatega karibu, akarudi saa mbili asubuhi na mboga ya siku mbili. Na kijana hakukosea, kwani kufikia adhuhuri huko nje kulikuwa kweupe kwa mawimbi na hakuna chombo kidogo ambacho kingesimama.

Kisha ndipo kikaja hicho Hidaya. Vimbunga havizoei kufika kwetu, kwa sababu tuko karibu mno na ikweta na upepo hupata taabu kujizungusha. Kile kinachokumbukwa zaidi ni cha Aprili 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja, na kingine kilipiga Lindi Aprili 1952. Kwa hiyo ami alipoulizwa safari hii hakuwa na dalili ya kuisoma. Alitazama mbingu, akatazama maji, akanyamaza. Halafu akamwita yule kijana.

"Hebu nisomee tena hiyo simu yako."

Kijana alisoma polepole, ami akamrudisha mara mbili. Kisha akasema, "Hili silijui. Vuteni vyombo juu." Mkwiro ikavuta vyombo juu. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Mafia huko Tanzania kikiwa kimepungua nguvu, na kwetu tukaishia kuona bahari iliyochafuka. Wako waliolalamika kwamba wamepoteza siku za kazi bure. Ami hakuwa mmoja wao. Alisema siku uliyovuta chombo juu bila sababu ni rahisi kuliko siku uliyokiacha chini.

Tangu siku hiyo wanasomeana. Kijana analeta habari za simu, mzee anaeleza habari hizo zina maana gani kwa mwamba upi na saa ipi. Bado wanabishana, lakini sasa wanabishana wakiwa wameketi mkeka mmoja.

TUFANYE NINI?

Msomaji mpenzi, mimi si mtaalamu wa mawingu wala siwezi kukuambia vuli ijayo itakuwaje. Lakini nina mambo matatu ya kukushauri, hasa wewe unayeishi mahali ambapo maisha yanategemea mbingu.

La kwanza, yaandikeni malalamiko yenu. Mama mkwe amekuwa akichora alama ya mkaa kwenye ukuta wa birika kila kaskazi inapoingia, kuonyesha maji yamefika wapi. Mwaka jana nilimpa mwanangu daftari la shule la kurasa 48 azinakili alama hizo, kisha aongeze: tarehe kusi ilipoanza kushika, siku ya mvua ya kwanza, siku ambazo vyombo havikutoka, wiki ambayo mwani uligeuka mweupe. Watu wakisema "zamani haikuwa hivi", tutakuwa na cha kuwaonyesha watoto. Na ofisi ya hali ya hewa ya kaunti ikija kufanya mkutano, hatutakwenda mikono mitupu.

La pili, msiwagombanishe wazee na vijana. Utabiri unaotolewa kwa pwani nzima unahitaji mtu wa kuutafsiri kwa kijiji kimoja. Na mzee anayejua kijiji kimoja anahitaji mtu wa kumwambia yanayotengenezwa mbali, baharini ambako jicho halifiki. Kijiji chenye mmoja tu kati ya hao kina jicho moja.

La tatu ni lako wewe uliyeko mjini, Mombasa au Nairobi, au hata huko Uarabuni. Najua mama hukupigia simu. Najua pia kwamba baada ya salamu hukuambia, "Huku jua kali, mwanangu," nawe humjibu, "Hata huku, mama," ukakimbilia habari nyingine kwa kuwa basi lako limefika. Safari ijayo usikimbie. Muulize maji yamebaki kiasi gani. Muulize baba ametoka baharini siku ngapi wiki hii. Muulize kama mahindi yameota au yamekauka. Kama hilo la jua lilikuwa la kupitisha saa tu, atacheka na kukuambia mengine. Na kama halikuwa, atanyamaza kidogo, kisha atakueleza.